*Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 20: Nabii Musa Aliomba Ndugu Yake*

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ndugu zangu, mama zangu, dada zangu na vijana wetu wa msikitini, leo tumefunga ya 20, alhamdulillah. Magharibi ya leo tunaingia kumi la mwisho. Wanaosoma juzuu moja kwa siku, juzuu ya leo imebeba Surat Al-Qasas, kisa cha Nabii Musa alayhi salaam. Tuitazame leo kwa upande wa familia na kazi, maana kuna mgeni ameingia majumbani na madukani mwetu: hii akili mnemba, ambayo wengi tunaiita tu AI.

*Mgeni huyu ni nani?*

ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote Novemba 2022. Leo hata ndani ya WhatsApp wengi wetu tunaona kale kaduara ka Meta AI. Kijana anaitumia kujibu wateja na kupanga hesabu za stoo. Mama anaandikia barua ya shule. Mtoto anaulizia hesabu alizopewa na mwalimu.

Inavyofanya kazi, kwa ufupi: imelishwa maandishi mengi mno, ikajifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiuliza, inapanga maneno. Haikujui wewe, haina nia, wala haitasimama kuulizwa siku ya Kiyama. Ndiyo maana inaweza kukupa jibu lisilo kweli kwa lugha tamu kabisa, hata hadithi ambayo haipo, tena na jina la kitabu na namba yake. Basi ni chombo. Kisu kinakata nyama ya futari, na kisu hichohicho kinajeruhi. Swali letu leo ni hili: kinapoingia kati ya baba na mwana, mume na mke, ndugu na ndugu, kinakata nini?

*Somo la kwanza: mabinti wa Madyan*

Musa alipofika kwenye maji ya Madyan alikuta watu wananywesha mifugo yao, na pembeni wanawake wawili wamezuia ya kwao. Walikuwa kazini kwa sababu baba yao alikuwa mzee sana. Musa akawanyweshea. Baadaye mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, kwa sababu ana nguvu na ni mwaminifu. Na baba akaukubali ushauri ule.

Tazama yule binti rai yake aliipata wapi. Aliipata kazini, kwa kumwona mtu kwa macho yake. Kazi ilikuwa nzito, lakini ndiyo iliyompa cha kumwambia baba yake.

Sasa chukua mfano wa duka la familia. Jioni baba na mwana wanafunga mlango, wanafungua daftari la wakopaji. Kijana anasema, "Baba, huyu wiki ya tatu hajalipa." Baba anajibu, "Mwache kwanza, mkewe kalazwa." Pale kijana amejifunza hesabu, na zaidi ya hesabu amejifunza watu.

Siku hizi simu inajumlisha yote kwa dakika mbili, inaandaa na ujumbe wa kudai, unatumwa. Ujumbe umenyooka, una adabu zote. Lakini umemfika mtu ambaye mkewe yuko wodini. Mashine haikukosea hesabu. Aliyeijua hali ni baba, na baba hakuulizwa, kwa sababu hakuna tena sababu ya kukaa naye.

Msinielewe vibaya. Kuweka kumbukumbu ni jambo la dini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika madeni. Lakini aya mbili kabla yake, ya 280, inatuelekeza kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki. Ile ya 282, mashine inaweza kukusaidia. Hii ya 280 inamtaka mtu anayejua nani ana dhiki mtaani, na huyo ni mzee wako, ni mama yako, ni jirani yako.

Kwa hiyo kijana, tumia chombo, ila usimwondoe mzee kwenye daftari. Nawe mzee, usiikimbie simu ya mwanao ukasema mambo ya watoto. Kaa naye akuonyeshe, nawe mweleze kile ambacho simu haikijui.

*Somo la pili: Musa aliomba Harun*

Katika sura hiihii Musa anapewa kazi nzito, kwenda kwa Firauni. Anaogopa, na anamwomba Mola wake ampeleke pamoja na ndugu yake Harun, kwa kuwa Harun ana ufasaha kuliko yeye. Allah akamwahidi kuutia nguvu mkono wake kwa ndugu yake.

Haja yake ilikuwa maneno, akaomba ndugu. Sisi tukikosa maneno tunakimbilia wapi? Kumwomba mke msamaha, mashine. Taazia kwa shemeji aliyefiwa, mashine. Kumwomba baba mtaji, mashine. Ujumbe unatoka mzuri kweli, lakini mfiwa hahitaji ufasaha. Anahitaji kujua kwamba umemkumbuka na moyo umekuuma. Mistari miwili ya kwako yenye makosa ya herufi ina uzito kuliko kurasa mbili ulizoandikiwa, na simu ya sauti ina uzito kuliko zote mbili.

Kuna na hili la usiku. Mume na mke wamekwaruzana, kila mmoja kageukia ukuta, mmoja anaihadithia AI. Inamjibu kwa upole, inampa pole, mara nyingi inamwelekea yeye. Lazima iwe hivyo, imesikia upande mmoja! Na siri ya ndoa, ambayo ni amana, imeshatoka nje ya chumba na kwenda kwa kampuni usiyoijua. Ndugu wa damu au shangazi mwenye hekima angekuuliza, "Na wewe ulimwambiaje?" Swali hilo linauma, lakini ndilo linalotengeneza nyumba.

*Somo la tatu: thibitisha*

Mama yake Musa alipomtia mwanawe mtoni, alimtuma dada yake amfuatilie. Hakutegemea uvumi.

Leo sauti ya mtu inaweza kuigwa. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sasa wanaweza kuja kwa sauti ya mwanao analia kwamba amekamatwa. Surat Al-Hujurat aya ya 6 imetufundisha kuzithibitisha habari kabla ya kutenda. Ukipokea simu ya namna hiyo, kata, kisha mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua. Na familia ikubaliane neno moja la siri la kuulizana. Mweleze bibi hili leo, maana wazee wana huruma ya haraka.

*Amali ya leo*

1. Kabla ya magharibi, mpigie kwa sauti ndugu mmoja ambaye umekuwa ukimtumia ujumbe wa kunakili tu.
2. Wenye duka au shamba la familia, wiki hii kaeni mara moja na daftari, wakubwa kwa wadogo. Ulizaneni: nani ana dhiki, tumwongezee muda au tumsamehe?
3. Jambo lolote la dini ulilopewa na AI, usilisambaze kabla ya kumuuliza mwalimu wako.
4. Wanaoingia itikafu, simu ibaki kwa dharura. Wanaobaki nyumbani, simu ziwekwe mbali wakati wa futari, hata robo saa.

Ewe Mola wetu, tupe watoto wanaotushauri na masikio ya kuwasikiliza. Utie nguvu mikono yetu kwa ndugu zetu kama ulivyoutia nguvu mkono wa Musa kwa Harun. Tulinde na hadaa, wape nafuu wenye madeni, waponye wagonjwa wetu, na utujaalie kuupata usiku wa Laylatul Qadr. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho in shaa Allah.