Dipoziti Imekatwa Ukihama? Jinsi ya Kuidai kwa Rekodi za Simu

Umehama chumba Mtopanga, ufunguo umerudisha, sasa wangoja dipoziti. Inaingia nusu. Au robo. Ukiuliza, jibu ni fupi: "Nimepaka rangi." Wapangaji wengi huishia hapo na kusema yaishe, kwa sababu nyumba mpya nayo inataka dipoziti yake.

Kabla hujasema yaishe, soma somo hili. Ukiwa Likoni, Kisauni au Changamwe, hatua ni zilezile, na nyingi utazifanya ukiwa na simu yako tu.

Dipoziti ni pesa ya nani?

Dipoziti si kodi, wala si zawadi ya kumshukuru mwenye nyumba kwa kukupa chumba. Ni pesa yako ambayo yeye amekushikia. Anaweza kukata humo kodi ambayo hukulipa, bili za maji au stima ulizoacha, na gharama ya kitu ulichoharibu. Kinachobaki ni chako.

Kwa nyumba nyingi za kawaida, kinachotawala dipoziti ni mapatano yenu. Kwa hivyo anza kwa kusoma mkataba, hata kama ni karatasi moja iliyopigwa muhuri pale kwa ajenti. Kama hakukuwa na mkataba wa maandishi, usikate tamaa. Mapatano ya mdomo pia ni mapatano, ila utahitaji kitu cha kuyaonyesha. Hapo ndipo simu inapoingia.

Rekodi ya simu inasema nini, na inanyamaza wapi?

Ujumbe wa malipo unaonyesha mambo manne: kiasi, tarehe, jina la aliyepokea na nambari ya muamala. Ni ushahidi mzuri. Lakini kuna jambo moja hausemi, nalo ni pesa ilikuwa ya nini. Ukituma 16,000 kwa mkupuo mmoja, mwenye nyumba anaweza kudai zote zilikuwa kodi ya miezi miwili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ifanye rekodi yako iseme:

1. Tuma dipoziti peke yake na kodi peke yake. Miamala miwili, siku hiyohiyo.
2. Ukilipa kwa peibili, andika nambari ya nyumba na neno "dipoziti" pale pa akaunti, kama mfumo wa mwenye nyumba unakubali.
3. Ukituma kwa nambari ya mtu, mwandikie meseji papo hapo: "Nimetuma 8,000 ya dipoziti, chumba nambari 6." Ngoja ajibu. Hata "nimepata" inatosha.
4. Ukiambiwa utume kwa keateka au ajenti, muombe mwenye nyumba akuandikie kwamba huyo ndiye anayempokelea. Keateka akihama na wewe ukahama, nani atakusemea?

Na kama ulifuta meseji zamani? Omba taarifa ya miamala. Kwa M-PESA, piga *334#, ingia kwenye akaunti yako na uchague taarifa, ama utumie programu ya simu. Taarifa ni bora kuliko skrinishoti, kwa sababu picha ya meseji mtu anaweza kuichezea, ilhali taarifa inatoka kwa kampuni yenyewe.

Makato yapi ni ya haki?

Swali la kujiuliza ni hili: kitu kimeharibika kwa sababu nilikiharibu, au kimechakaa kwa sababu watu wanaishi humu?

Pwani tuna jambo letu. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Vyuma vya dirisha vinashika kutu, rangi inavimba na kubanduka, bawaba za mlango zinakauka, hata kama mpangaji ni msafi namna gani. Huo ni uchakavu, si uharibifu. Lakini kioo kilichovunjwa na mpira wa watoto, sinki iliyopasuka, au ukuta uliotobolewa matundu ya kutundikia televisheni, hayo ni yako. Yakubali mapema.

Rangi ndiyo inayoleta vita zaidi. Kama mkataba unasema utapaka rangi ukihama, hilo umekubali. Hata hivyo, angalia limeandikwaje. Mara nyingi mkataba unataja kazi bila kutaja bei. Unaweza kuomba upake mwenyewe kabla ya kurudisha ufunguo, au kudai risiti ya duka na malipo ya fundi. Kama mkataba hausemi kitu juu ya rangi, mwenye nyumba aeleze uliharibu ukuta upi, na vipi.

Tufanye hesabu

Tuchukue mfano. Dipoziti ilikuwa 8,000. Mpangaji amekaa miaka 3. Mwenye nyumba amekata hivi: rangi 4,000, usafi 1,000, maji 1,200 na kioo cha dirisha 600. Jumla 6,800. Amerudisha 1,200.

Mpangaji anakaa chini na kupitia kila kato:

Kioo, 600: kweli kilivunjika. Anakubali.
Maji, 1,200: picha ya mita aliyopiga siku ya kuhama inaonyesha deni la 700. Anakubali 700, anapinga 500.
Usafi, 1,000: ana picha za chumba kikiwa kimefagiliwa na kupigwa deki. Anapinga.
Rangi, 4,000: mkataba haukutaja rangi, na ukuta umepauka tu. Anapinga.

Makato ya haki ni 1,300. Alistahili kurudishiwa 6,700, amepata 1,200, kwa hivyo anadai 5,500.

Umeona? Hakusema "nirudishie pesa zangu zote." Amekubali lake na kupinga lisilo lake. Mtu anayedai hivi ni vigumu kumfukuza na neno moja, na akifika mbele ya mwamuzi anaonekana mkweli.

Ujumbe wa kutuma

Andika kwa heshima. Huyu huenda ni mzee wa mtaa wako, na kesho mtakutana sokoni ama kwenye feri. Lakini andika wazi:

"Salaam Mzee. Nimepokea 1,200 leo, ambayo ni sehemu ya dipoziti yangu ya 8,000, chumba nambari 6. Nakubali kioo 600 na maji 700 kulingana na mita. Rangi 4,000 na usafi 1,000 sikubali, kwa sababu chumba nilikiacha kisafi na rangi haimo kwenye mkataba. Kilichobaki ni 5,500. Kama una risiti, nitumie niziangalie. Naomba tulimalize ndani ya siku 14. Ahsante."

Zingatia maneno "sehemu ya". Ukipokea pesa kidogo ukanyamaza, anaweza kusema mlimalizana.

Akikataa, uende wapi?

Kwanza, mtu wa kuwasuluhisha. Mzee wa mtaa au chifu anaweza kuwakalisha chini. Hana nguvu za mahakama, lakini wengi hulipa wakiitwa mbele za watu. Mkikubaliana, muandike na mtie sahihi.

Kama chumba ni cha bei ya chini, ambacho kodi yake kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kinaangukia chini ya sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, ambayo ina baraza lake la kusikiliza wapangaji na wenye nyumba.

Kwa wengine, mlango ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, mahakama za kwanza zikafunguliwa Nairobi mwaka 2021, na Mombasa nayo inayo. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni 1, ikiwemo pesa ambayo mtu mwingine amekushikia. Huhitaji wakili. Kanuni za ushahidi si kali kama za mahakama nyingine, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Nenda na mkataba, taarifa ya miamala, meseji zenu na picha, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Piga hesabu pia ya nauli, ada na siku za kazi utakazokosa. Kwa 5,500 huenda usuluhishi ukakufaa zaidi, ila mwenye nyumba akijua unaweza kufika huko, husikiliza.

Usicheleweshe sana. Kwa madai ya mkataba, sheria ya Kenya inakupa miaka 6, lakini picha hupotea na mashahidi huhama.

Mambo matatu usifanye

Usikalie dipoziti. Wengine huacha kulipa mwezi wa mwisho wakisema "utakata humo." Kama mwenye nyumba hakukubali, sasa wewe ndiye mwenye deni, na sheria inamruhusu kutumia dalali kukamata vitu vyako kwa kodi usiyolipa.

Usiombe muamala wa dipoziti urudishwe kama uliotumwa kimakosa. Huduma hiyo ni ya aliyekosea nambari. Sisi tunaweza kukupa rekodi ya pesa zako, lakini hatuwezi kuamua kati yako na mwenye nyumba.

Usimpe mtu PIN yako. Matapeli hupiga simu wakisema "dipoziti yako iko tayari, thibitisha PIN tuiachilie." Kupokea pesa hakuhitaji PIN hata siku moja.

Cha kufanya leo

Hata kama huna mpango wa kuhama, fungua simu yako utafute malipo ya dipoziti ya nyumba unayoishi sasa. Huyaoni? Omba taarifa. Kisha mwandikie mwenye nyumba: "Salaam, nathibitisha tu kwamba dipoziti yangu unayonishikia ni kiasi fulani, chumba nambari fulani." Mkiwa bado mnasalimiana vizuri, atajibu bila kufikiria mara mbili. Siku ya kuhama, jibu hilo litakuwa na thamani ya dipoziti nzima.