SOMO LA WAFANYAKAZI: SHILINGI INAYOTOKA NYUMBANI



Somo hili ni la kusomwa katika kikundi, jioni baada ya kazi. Anayejua kusoma awasomee wenzake polepole. Kila sehemu inapokwisha, watu wazungumze kwanza ndipo mwendelee. Akina mama waitwe pia, hata wale wasiokuwa wanachama, maana habari hii ni ya nyumba nzima.

1. Kwanza tuondoe shaka

Tulipoleta jambo hili la kubana matumizi katika mkutano wa tawi moja, mzee mmoja mkata miwa alisimama akauliza: "Je, chama kimehamia upande wa mwajiri? Tukijifunza kuishi kwa kidogo, si atasema kidogo hicho kinatutosha?"

Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni hili. Mshahara mdogo hauongezwi kwa kupika vizuri. Mwaka 1984 kima cha chini katika Uganda kiliwekwa kuwa Sh. 6,000 kwa mwezi. Mwaka 1987 fedha ilibadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada juu ya kima cha chini, lakini Rais hakuutia saini. Basi madai ya mshahara ni kazi ya chama na hayataachwa hata siku moja.

Lakini tumeona jambo jingine kwa macho yetu. Siku ya kudai haki ikifika, nani anaogopa kwanza? Ni yule mwenye deni. Akikosa kazi siku tatu tu, watoto wanalala na njaa na mwenye duka anapiga hodi. Mwenye deni hana sauti. Aliye na unga wa wiki mbili ndani, na shilingi kidogo pembeni, anaweza kusimama na wenzake. Kwa sababu hiyo akiba ya nyumbani ni silaha ya mfanyakazi. Ajifunze kuishika.

2. Shilingi inapita wapi?

Watu wengi wanajua mshahara wao ni kiasi gani. Wachache wanajua unakwenda wapi. Nunueni daftari dogo. Kwa mwezi mmoja, kila jioni, baba na mama wakae pamoja waandike kila kitu kilichonunuliwa: chumvi, kiberiti, mkaa, chai ya kazini, sigara, pombe, nauli, mchango wa msiba. Wasiojua kuandika wamwambie mtoto wa shule aandike. Msigombane. Mwezi huo ni wa kuandika tu, si wa kuhukumiana.

Tulipofanya zoezi hili katika kikundi chetu, kila mmoja alifikiri atakuta shilingi yake imekwenda kwenye mambo makubwa. Wengi tulikuta imekwenda kwenye vitu vidogo vinavyonunuliwa kila siku. Mwenzetu mmoja alilaumu karo ya watoto miaka mingi. Daftari lilimwonyesha kwamba mandazi na soda za kazini zilikaribia karo hiyo. Alicheka mwenyewe, kisha akaanza kubeba viazi vitamu vya kuchemsha kutoka nyumbani.

3. Hasara ya kununua kidogo kidogo

Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Kikundi chenu kiweke bei za duka lenu.

Sukari: tuseme kilo moja ni Sh. 4,000, na kifuko cha gramu 100 ni Sh. 500. Vifuko kumi ni kilo moja, yaani Sh. 5,000. Nyumba inayotumia kilo 3 kwa mwezi inapoteza Sh. 3,000.

Mafuta ya kupikia: tuseme lita moja ni Sh. 8,000, na kifuko cha mililita 50 ni Sh. 500. Vifuko 20 ni lita moja, yaani Sh. 10,000. Kwa lita 2 unapoteza Sh. 4,000.

Sabuni: tuseme mche mzima ni Sh. 5,000. Ukikatwa vipande 8 vya Sh. 800, unalipa Sh. 6,400. Kwa miche 2 unapoteza Sh. 2,800.

Jumla ni Sh. 9,800 kwa mwezi, na kwa mwaka ni Sh. 117,600. Hapo hukula zaidi wala hukuvaa zaidi. Umelipa faini ya umaskini.

Mtu atasema: "Sinunui kidogo kwa kupenda, ni kwa sababu fedha imekwisha tarehe kumi." Ni kweli kabisa. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupata fungu dogo la kuanzia. Siku ya mshahara, kabla ya jambo lolote, nunua kitu kimoja tu kwa kipimo kikubwa: mche wa sabuni, au kilo za chumvi. Mwezi unaofuata ongeza cha pili, kwa fedha uliyookoa kwenye cha kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Deni linavyokula

Wengi wetu tunamjua mtu wa kambini anayekopesha. Anakupa Sh. 100,000, na mwisho wa mwezi anataka Sh. 120,000. Ukishindwa kurudisha mtaji, unatoa zile 20,000 tu ili akungoje. Ukifanya hivyo miezi 12, umemlipa Sh. 240,000, na laki moja yake bado unadaiwa. Afadhali kuuza kuku wawili kuliko kuingia katika mtego huo.

Tunajua pia maduka ambayo mfanyakazi anachukua vitu kwa chiti, na makato yanafanywa kabla hajaona mshahara. Mjue haki yenu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataka mshahara ulipwe kwa fedha halali. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unakataza mshahara kulipwa kwa chiti au kuponi, na unasema mfanyakazi asilazimishwe kununua katika duka la mwajiri. Ukikuta makato usiyoyaelewa, usinung'unike peke yako. Mpelekee mjumbe wa tawi pamoja na karatasi yako ya mshahara.

5. Bustani na jiko

Wengi wetu tumetoka mbali, na hapa kambini hatuna shamba. Lakini mwenye gunia ana bustani. Changanya udongo na samadi iliyooza, sehemu mbili kwa moja. Simamisha gunia, weka mawe madogo katikati kama nguzo kutoka chini mpaka juu ili maji yashuke, kisha jaza udongo pembeni. Toboa matundu ubavuni na upande sukuma wiki na mchicha. Juu panda vitunguu. Mwagia maji yaliyooshea mboga au mchele. Ukichuma majani ya chini tu, mmea unaendelea kutoa. Pembeni mwa nyumba panda viazi vitamu. Viazi ni chakula, na majani yake ni mboga.

Upande wa jiko, mkaa ndio unaokula shilingi. Maharage yalowekwe usiku kucha, kisha yale maji yamwagwe. Asubuhi yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya, yasipungue dakika kumi, kwa sababu maharage mabichi yana sumu inayokufa kwa kuchemka kweli. Yakiendelea kuchemka kidogo, funika sufuria vizuri, iondoe kwenye sigiri na uiweke ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba na nguo kuukuu pande zote, chini na juu. Joto halitoki, na maharage yanaendelea kuiva bila moto. Mkirudi kutoka kazini, yapasheni mpaka yachemke, ndipo mle.

6. Mambo yasiyobanwa

Kubana matumizi kuna mipaka. Usibane chakula cha mtoto mdogo wala cha mama mja mzito. Dagaa na maharage si anasa, ndiyo nyama ya mfanyakazi. Usibane matibabu: homa ya leo isiyotibiwa ni gharama kubwa ya kesho.

Na jambo hili tunalisema kwa uchungu. Wako wenzetu wanaochukua makopo na jerikani za dawa za shambani, wakaziosha na kuzitekea maji ya kunywa, kwa sababu hazinunuliwi. Sumu inaingia ndani ya plastiki na kuosha hakuitoi. Magunia yaliyobeba dawa au mbolea yasiwekwe chakula, wala yasifanywe bustani. Nguo ulizonyunyizia dawa zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto. Hiyo siyo akiba, ni kununua ugonjwa bure.

7. Wafumaji wa Rochdale

Tusidhani sisi ni wa kwanza kupambana na shida hii. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, walikuwako wafumaji wa flaneli waliolipwa kidogo. Unga uliouzwa madukani mara nyingi ulichanganywa na vitu vingine, na vipimo havikuwa vya haki. Watu 28 waliamua kuweka peni mbili kwa wiki, baadaye tatu, mpaka wakapata pauni 28. Tarehe 21 Desemba 1844 walifungua duka lao wenyewe katika njia ya Toad Lane. Siku hiyo walikuwa na siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa, basi.

Waliweka masharti: kununua kwa taslimu, bila mkopo, vitu safi na kipimo kamili, kila mwanachama kura moja, na faida kugawanywa kwa kadiri mtu alivyonunua. Kutokana na mfano wao vyama vya ushirika vilienea duniani.

Sisi tuanze kwa jerikani moja. Tuseme lita 20 za mafuta ya kupikia ni Sh. 140,000. Nyumba kumi zikitoa Sh. 14,000 kila moja, kila nyumba inapata lita 2. Kwa vifuko ingelipa Sh. 20,000. Kwa hiyo kila nyumba imeokoa Sh. 6,000 kwa siku moja.

Lakini shikeni masharti manne: kila mtu atoe fedha kwanza, mafuta yapimwe mbele ya wote, mshika fedha asiwe ndiye mshika daftari, na daftari lisomwe kwa sauti kila mara. Vikundi vingi havikufa kwa wizi mkubwa. Vilikufa kwa shaka ndogo ambayo hakuna aliyeitamka mapema.

8. Maswali ya kujadiliana

(a) Katika kambi yenu, ni vitu gani vitatu vinavyonunuliwa kidogo kidogo na watu wote? Pigeni hesabu ya hasara kwa mwezi na kwa mwaka.
(b) Nani kati yenu hakuweza kudai haki yake kwa sababu ya deni? Asilazimishwe kusema, anayetaka aeleze.
(c) Kati ya mke na mume, nani anajua mshahara wote unavyotumika? Kwa nini?
(d) Mtamjibu nini yule mzee mkata miwa?

Kazi kabla ya somo lijalo: kila nyumba ianze daftari, na kila kikundi kichague kitu kimoja cha kununua pamoja siku ya mshahara. Mtuletee matokeo, hata kama mmeshindwa, maana kushindwa kwenu kutawafundisha wa tawi jingine.

Kidole kimoja hakivunji chawa.