Khofu ya Mtihani wa Faraidh, na Dawa Yake

Ndugu zetu wanafunzi, elimu ya kugawanya mirathi hukimbiwa na wengi, na sababu kubwa si ugumu wake, bali ni khofu. Kijana huhifadhi matni ya Rahbiyya mwanzo hata mwisho, na aya ya 11, ya 12 na ya 176 za Suratun-Nisaa huzisoma kwa moyo. Lakini aketipo mbele ya karatasi ya mtihani, moyo humwenda mbio, mikono humtoka jasho, na fungu la mama humpotea. Hapo hujidhania hana akili, akaacha darsa. Na kila aachaye, hupungua mtu wa kumpa mjane haki yake na yatima haki yake.

Basi jueni ya kuwa khofu si aibu. Khofu kidogo humwamsha mtu akajitayarisha. Idhuruyo ni ile iliyozidi, kwani nafasi ya akili ya kushikia hesabu ni ndogo, na wasiwasi uingiapo huichukua nafasi iyo hiyo.

Dawa ya kwanza ni utaratibu. Usianze na hesabu. Andika warithi wote, watoe waliozuiliwa, andika fungu la kila mmoja, kisha tafuta asili ya mas'ala, mwisho jumlisha. Kwa mfano, amekufa mwanamke, ameacha mume, mama, na ndugu wawili wa kike wa baba mmoja na mama mmoja. Mume ana nusu. Mama ana sudusi, kwa kuwa ndugu ni wawili. Na ndugu wana thuluthi mbili. Asili ni 6: mume 3, mama 1, ndugu 4. Jumla ni 8, yapita asili. Asiye na utaratibu hutetemeka hapa, akafuta alilolipata kwa haki. Mwenye utaratibu hujua kuwa hii ni aul: mali hugawanywa mafungu 8, na kila mmoja akapungukiwa kwa kadiri ya fungu lake.

Dawa ya pili ni kufunga kitabu. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walieleza majaribio yao kwa wanafunzi: wengine walirudia kusoma, wengine walisoma kisha wakajitahini kwa kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja, waliojitahini ndio waliokumbuka zaidi. Na hii ndiyo desturi ya vyuo vyetu, mtoto kumsomea mwalimu bila ya kutazama. Basi fanya mas'ala matatu kila siku, kwa saa, bila ya kitabu, hata mtihani uwe jambo ulilolizoea.

Dawa ya tatu ni ya siku yenyewe. Usiku wake lala. Ukiketi, vuta pumzi polepole, uanze na swali jepesi. Na uombe: Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni aliomba akunjuliwe kifua na afunguliwe fundo la ulimi; kisha alikwenda, hakungoja khofu iishe.

Mwenye kukosa mtihanini husahihishwa na mwalimu wake. Mwenye kukosa mbele ya warithi huila haki ya mtu. Basi khofu ya kwanza ivumilieni, ili mwepukane na hiyo ya pili.

Wallahu aalam.