Somo la Mwezi: Viungo Vyanyoshwa, Je, Moyo Umeulizwa?

Mtu wa jirani akirudi kutoka hospitali baada ya kupatwa na kiharusi, twajua la kufanya. Mmoja humkanda mkono uliolegea, mwingine humshika akajaribu hatua mbili tatu uani. Kazi hii ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake huitwa utengamao. Lakini mara nyingi twapima viungo tu, nao moyo twausahau.

Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 3 waliopatwa na kiharusi hupata sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Mwenye sonona huchelewa kupona. Hukataa mazoezi, huacha dawa, nasi twasema, “Mzee amekuwa mvivu.” Kumbe si uvivu, wala si upungufu wa imani. Amepoteza kazi ya mikono yake, na tena ubongo wenyewe umejeruhiwa.

Yapimwaje?

Kipimo kimoja kijulikanacho ni PHQ-9, kilichotungwa na wataalamu wa Marekani, Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, kikachapishwa mwaka 2001. Kimetafsiriwa pia kwa Kiswahili. Kina maswali 9 juu ya majuma 2 yaliyopita, na kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 au zaidi huonyesha kwamba mgonjwa achunguzwe zaidi. Maswali mawili ya kwanza ndiyo msingi: Je, umekosa hamu au furaha katika mambo unayoyafanya? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa?

Mambo ya kuangalia

1. Uchovu na kukosa usingizi huweza kuletwa na kiharusi chenyewe. Kwa hiyo mpimaji hatazami jumla ya alama peke yake. Huulizia hasa huzuni na kukosa hamu.

2. Wengine hawawezi kusema baada ya kiharusi. Hao hutazamwa, na wanaoishi nao huulizwa: Je, anasukuma chakula? Anageukia ukuta wageni wakija?

3. Wengine hulia au kucheka ghafla bila sababu. Hilo huweza kuwa jeraha la ubongo, wala si lazima moyoni kuwe na huzuni. Aulizwe taratibu.

4. Swali la 9 ni juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru. Wengi waogopa kuliuliza, wakidhani litamtia mtu wazo hilo. Sivyo. Kuulizwa kwa upole humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikiri, asiachwe peke yake. Dawa za shamba na vidonge viwekwe mbali naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sonona inatibika kwa mazungumzo na mshauri, kwa dawa anazotoa daktari, na kwa kumrudisha mtu katika shughuli anazoziweza. Kupima mara moja hakutoshi, maana yaweza kuanza miezi mingi baada ya kutoka hospitali, wakati wageni wamekwisha kupungua.

Basi, tunaotembelea wagonjwa hatuna budi kukumbuka kuwa sisi si madaktari. Kazi yetu ni kuketi, kuuliza, kusikiliza bila kukemea, na kuwaambia watu wa nyumbani wamweleze mganga kituoni. Tusiseme, “Jikaze.” Tuseme, “Baba, majuma haya mawili moyo wako umekuwaje?” Kisha tunyamaze, tumngoje ajibu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wenu ni nani aliyeugua zaidi ya miezi sita, naye hatembelewi tena?
2. Mlezi wake hupumzika lini, na nani amemwuliza habari za moyo wake yeye?
3. Ni maneno gani tuliyozoea kuwaambia wagonjwa ambayo huwafunga midomo?