Polisi Wakikuchukulia Fedha: Kijitabu kwa Wasemaji wa Kiswahili Waishio Marekani

Nchini Marekani polisi anaweza kuchukua fedha zako bila kukukamata na bila kukufungulia shtaka lolote. Inatosha adai kwamba anashuku fedha hizo zimetokana na biashara ya dawa za kulevya, au zinakwenda kununulia dawa hizo. Anayeshtakiwa hapo ni mali yenyewe, si wewe. Ndiyo maana mahakamani utakuta mashauri yanayosomeka "Marekani dhidi ya" kiasi fulani cha dola, au dhidi ya gari fulani. Na kwa kuwa ni kesi ya madai, si ya jinai, serikali hailazimiki kuthibitisha pasipo shaka yoyote, wala haikupi wakili hata kama huna uwezo wa kumlipa. Katika mahakama za shirikisho, haki ya kupewa wakili wa bure ipo tu iwapo mali inayotakiwa ni nyumba unayoishi.

Tunaandika haya kwa sababu jamii yetu hutembea na fedha taslimu. Michango ya msiba hukusanywa mkono kwa mkono ili marehemu asafirishwe kwao. Mweka hazina wa chama cha upatu hubeba fedha za zamu ya mwenzake. Kijana husafiri hadi jimbo la jirani na noti mfukoni kununua gari lililotumika. Hakuna kosa katika hayo, na kiasi kiwe kikubwa namna gani, kubeba fedha ndani ya nchi si jinai. Ukivuka mpaka tu, kuingia au kutoka, ndipo unapowajibika kutangaza kwa forodha chochote kinachozidi dola 10,000.

Fedha huishia wapi

Sheria ya mwaka 1984 iliunda mfuko maalumu wa Wizara ya Sheria na kuruhusu polisi wa miji na kaunti wagawane na serikali kuu mali wanayotaifisha. Mgawo wao unaweza kufika asilimia 80. Katika majimbo mengi pia, idara iliyokamata mali hubaki na sehemu kubwa yake au yote. Maana yake ni kwamba askari anayekusimamisha anatumikia ofisi inayofaidika na kilichomo kwenye mkoba wako. Kwetu sisi, mzizi wa uonevu huu upo hapo, kuliko hata katika tabia ya askari mmoja mmoja.

Mji mdogo wa Tenaha, mashariki mwa Texas, ulionyesha mambo yanavyokuwa. Madereva waliopita barabara kuu namba 59, wengi wao Weusi na Walatino, walisimamishwa na kupekuliwa. Wakikutwa na fedha, waliwekewa karatasi mbele yao: tia saini uziachie uende zako, au ushtakiwe kwa utakatishaji fedha. Familia moja iliyokuwa na dola zipatazo 6,000 iliambiwa kwamba wakikataa, watoto wao watachukuliwa na ustawi wa jamii. Wazazi wakatia saini. Kesi iliyofunguliwa mwaka 2008 kwa niaba ya wasafiri hao ilimalizika kwa maridhiano mwaka 2012, na kabla ya hapo, mwaka 2011, Texas ilikuwa imepiga marufuku karatasi za namna hiyo barabarani.

Kuna pia wizi mtupu. Huko Baltimore, askari wa kikosi cha kusaka silaha walikuwa wakiwapora watu waliowasimamisha, na mara nyingine kuripoti kiasi kidogo kuliko walichochukua. Walikamatwa mwaka 2017, na kiongozi wao akahukumiwa kifungo cha miaka 25.

Ukisimamishwa

Askari akiomba ruhusa ya kupekua gari, una haki ya kukataa kwa heshima: "Sikubali kupekuliwa." Akiendelea, usimzuie kwa mikono, neno lako la kukataa litakufaa baadaye mbele ya hakimu. Una haki pia ya kunyamaza. Ila usidanganye, hasa kuhusu fedha ni za nani.

Usitie saini karatasi ya kuachia mali, hata ukitishwa, na kamwe usitie saini maandishi ya Kiingereza usiyoyaelewa. Dai stakabadhi yenye kiasi kamili kilichohesabiwa mbele yako, jina la askari na la idara yake. Ukibeba fedha za watu, beba pia orodha ya wachangiaji na karatasi ya benki mlikotolea.

Barua itakapokuja

Wengi wetu hupotezea mali hapa, kwa kukaa kimya. Idara ya shirikisho ikichukua mali, hutuma barua ya taarifa. Ukihama nyumba huenda usiione, kwa hiyo wape anwani mpya kwa maandishi. Tarehe ya mwisho ya kudai mali yako huandikwa ndani yake, nayo haipungui siku 35 tangu barua itumwe. Kwa sheria za baadhi ya majimbo muda ni mfupi zaidi.

Barua hiyo hukupa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa mno. Ombi la kuhurumiwa huamuliwa na serikali yenyewe, bila jaji. Dai la umiliki, linaloandikwa kwa kiapo, hulipeleka shauri mahakamani: serikali ina siku 90 ama kufungua kesi ama kukurudishia mali. Dai halihitaji dhamana ya fedha. Ukikaa kimya, mali inakwenda bila jaji kuitazama. Kama huna uraia, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kuapa.

New Mexico ilifuta utaratibu huu wa kutaifisha mali kwa kesi ya madai mwaka 2015, Nebraska mwaka 2016 na Maine mwaka 2021, lakini idara za shirikisho bado zinautumia nchi nzima. Uliza msaada katika ofisi za msaada wa kisheria na vyuo vya sheria vilivyo karibu nawe. Usiogope gharama mapema: katika kesi za shirikisho, sheria ya mwaka 2000 huitaka serikali imlipe wakili wako ukishinda, na wapo mawakili wanaokubali kesi kwa msingi huo.