Makaroni ya Watu Hamsini: Mafunzo Niliyopata

Agosti 15 ni Ferragosto, sikukuu kubwa ya kiangazi huku Italia, na sisi Waswahili tunaoishi hapa huitumia kukutana na kula pamoja. Mishkaki ina wachomaji wake. Mimi nimeachiwa makaroni ya mboga. Wakati huo biringanya, zukini, nyanya na pilipili hoho zimejaa tele sokoni. Haya ndiyo niliyojifunza, na mengi yanahusu maji.

1. Piga hesabu kwa mizani.
Mtu mzima hutosheka na gramu 80 hadi 100 za makaroni makavu. Kwa watu hamsini nunua kilo 5, pamoja na kilo 10 za mboga. Chukua ya vipande vifupi, kama penne au rigatoni. Spageti nyingi hushikamana, na mtoto mwenye sahani ya karatasi haziwezi.

2. Mboga zichomwe, zisichemke.
Zukini na nyanya zina maji zaidi ya asilimia 90. Ukizirundika zote kwenye sufuria moja, umepika supu. Nyanya nazipika peke yake na kitunguu saumu mpaka mchuzi uwe mzito. Zilizobaki nazikata vipande, nazipaka mafuta na chumvi, kisha naziingiza kwenye oveni ya nyuzi 220. Zitandaze safu moja tu, maana trei ikijaa mno mvuke hukosa pa kutokea na biringanya hulowa. Ziko tayari kingo zikiwa kahawia, na ukibonyeza kipande kwa uma hakitoi maji. Kazi hii imalize asubuhi.

3. Gawa sufuria.
Kanuni ya Waitalia ni lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi na gramu 100 za makaroni. Kilo 5 zinataka lita 50, na jiko la nyumbani litachukua karne kuzichemsha. Natumia sufuria mbili kubwa, kila moja kilo moja na robo, kwa mikupuo miwili. Maji ya mkupuo wa kwanza yanafaa kwa wa pili.

4. Epua mapema.
Toa dakika mbili katika muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukikata kipande, uone nukta nyeupe katikati. Sisi tuliolelewa kuuogopa wali wenye kiini, mkono husita hapo, lakini lundo kubwa hubaki na moto wake na huendelea kuiva lenyewe ndani ya beseni.

5. Usimwage maji yote.
Kabla ya kuchuja, chota jagi mbili. Maji hayo yana wanga. Yaongeze upawa mmoja mmoja huku ukigeuza, na mchuzi utashika kila kipande badala ya kutuama chini.

6. Mchuzi husubiri wageni, makaroni hayasubiri.
Mwaliko ukisema saa saba, wenzetu huanza kuingia saa tisa. Weka maji yakiwa moto, funika, na usitie kitu mpaka watu wameketi.

7. Jibini ikae pembeni.
Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na baadhi ya Waislamu hawaili. Iweke kwenye bakuli lake, kila mtu ajipakulie. Mrihani uuchane kwa mkono dakika ya mwisho. Ukipikwa hugeuka mweusi.

8. Mabaki yaingie kwenye friji upesi.
Katika joto la Agosti, yasikae nje zaidi ya saa moja. Yatandaze kwenye trei yapoe haraka, kisha yafunike na kuyahifadhi. Kesho yake yaongezee mafuta ya zeituni na siki, yaliwe baridi. Ukiyarudisha motoni yatarojeka.