SOMO LA AFYA: Damu Husema Kabla Mwili Haujalalamika

Somo la mara hii lisomwe kwa sauti katika mkutano, polepole, na mwenye swali aulize hapo hapo. Linahusu kupimwa damu tukiwa wazima, jambo ambalo wengi wetu hulikwepa.

Tunajua ugonjwa wa sukari unavyojitokeza hapa mtaani. Mtu ana kidonda mguuni, anakipaka dawa ya duka, mwezi unaisha na hakiponi. Au macho yanaanza kuona ukungu. Akifika hospitali anaambiwa ana sukari, na huenda amekaa nayo miaka mingi bila kujua. Hapo ndipo tunaitana kwa harambee. Pesa ambazo kikundi kingenunulia kuku au kulipia karo zinakwenda kwa mguu uliokatwa. Kikundi gani hakijachanga namna hiyo?

Uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima 9 katika kila 10 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Kwa hesabu hiyo, kikundi cha watu 20 kina wawili tu waliopimwa!

Sasa tusikize vizuri. Ndani ya mwili kuna alama zinazoweza kupimwa katika damu au mkojo, zikatuambia hali ya ndani kabla maumivu hayajaanza. Wataalamu huziita bayomaka. Jina lisiwatishe, kwa maana mmekwisha kuzitumia. Mama akipimwa mkojo kujua kama ana mimba, au mtoto akitobolewa kidole kupimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, ni alama inatafutwa.

Kwa ugonjwa wa sukari kuna vipimo viwili vikubwa. Cha kwanza hupima sukari ya saa ile ile, na huwa bora asubuhi kabla ya kula. Kikisoma 7.0 au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kikasoma vivyo hivyo, huo ni ugonjwa wa sukari. Cha pili kwenye karatasi huandikwa HbA1c, na ndicho tunachotaka mkielewe.

Fikirini sufuria ya jikoni. Ukipikia moto wenye moshi kila siku, masizi hushika, na mtu akiitazama anajua umekuwa ukipikaje. Basi sukari ya damu nayo hushika ile rangi nyekundu ya damu iitwayo himoglobini. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120. Kwa hiyo kipimo hiki huonyesha sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Mtu hawezi kunywa chai ya rangi siku moja ya kliniki akamdanganya daktari! Kikisoma asilimia 6.5 au zaidi ni ugonjwa. Kati ya 5.7 na 6.4, kwa hesabu inayotumika Marekani, ni onyo, na hapo ndipo kuna faida kubwa: kupunguza sukari na unga mweupe, kutembea, na kushusha kilo huweza kuuchelewesha ugonjwa au hata kuuzuia.

Lakini alama hii haisomeki sawasawa kwa kila mtu, na hapa Kaloleni jambo hili linatugusa. Familia nyingi za mtaa huu asili yake ni kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizunguka nchini akipima damu za watu. Aliona kwamba urithi wa seli mundu uko kwa wengi wa Pwani na wa Ziwani, na kwa wachache wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: urithi huo humkinga mtu na malaria. Aliyeupata kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, na pengine hajui kama anao. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa watu kama hao HbA1c husoma chini kidogo kuliko sukari yao ilivyo hasa. Yaani karatasi inasema uko salama, kumbe hauko. Mwenye ugonjwa wenyewe wa seli mundu, au aliyeongezwa damu juzi, kipimo hiki hakimfai. Upungufu wa madini ya chuma nao, ambao kina mama wengi wanao, unaweza kukipandisha bure.

Tuseme mama mmoja ameambiwa yuko sawa. Aseme hivi: "Sista, kwetu kuna seli mundu. Je, hicho kipimo kinanifaa, au nipimwe ile ya asubuhi kabla ya kula?" Si utovu wa adabu. Muuguzi mzuri atashukuru kuambiwa.

Na dawa ni vivyo hivyo. Wengi huanzishwa metformini, lakini figo zikiwa dhaifu daktari hupunguza kipimo chake au huiacha kabisa, na udhaifu huo hujulikana kwa kupima damu na mkojo. Mwingine mwili wake hautengenezi insulini, naye lazima achomwe sindano. Ndiyo sababu kumeza vidonge vya jirani ni hatari, hata kama nyote wawili "mna sukari".

Kikundi kikitaka kuanza, tengeni kidogo katika mchango wa kila mwezi, mwalikeni muuguzi wa kituo kilicho karibu, na mje bila kula. Kila mtu atobolewe kwa sindano yake mpya. Majibu ni ya mwenyewe: katibu asiyaandike katika kitabu cha mahudhurio, wala yasisomwe mbele ya watu. Tumesikia mahali ambapo yalisomwa, na mkutano uliofuata watu hawakuja.

Maswali ya kujadiliana: Ni nani kati yetu aliyepimwa sukari mwaka huu, kama anapenda kusema? Katika familia zetu, kuna seli mundu upande wa baba au wa mama, na ni mzee gani wa kumwuliza? Na harambee yetu ya mwisho ya matibabu ilichukua kiasi gani?